Nilimwonea Wivu kwa Nyasi za Ndama

Ujumbe ulinifikia asubuhi nikiwa kwa fundi viatu hapa Karatu mjini, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi. Aliyeutuma ni mwenzetu tuliyesoma naye sekondari, na ulikuwa mfupi: "Jamani, mzee wa nyasi za ndama ametutoka. Mazishi Oldeani, Alhamisi." Jina la marehemu hakulitaja, na katika kundi zima hakuna aliyeuliza ni nani. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, sina mazoea ya kujipamba, kwa hiyo nitasema kilichonipata pale pale juu ya kigoda cha fundi. Niliona wivu. Huzuni ilifuata na ilikuwa ya kweli, lakini iliyotangulia ni gere, gere chungu ya mtu aliyeandika safu gazetini kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na ambaye siku akifa watalazimika kutaja jina lake, la baba yake, la ukoo, pengine na kuweka picha, ndipo watu waseme, "Aa, kumbe yule."

Rafiki sithubutu kumwita. Tulifahamiana tu, kwa muda mrefu na kwa karibu kuliko nilivyopenda. Baba yake alikuwa Mwiraqw wa Oldeani, mtu wa mashamba ya kahawa, na mama yake Mmasai wa Kakesio, kwa hiyo alikua na lugha mbili kabla hajafika shuleni kukutana na hii ya tatu tunayoandikia. Akawa mwongoza watalii na mkalimani, tena mkalimani wa kugombewa. Alivaa kofia pana ya ngozi, aliendesha Landkruza iliyooshwa kila asubuhi, na ukikutana naye njiani alitaka umsalimie wewe kwanza. Unyenyekevu hakuwa nao hata chembe. Shuleni nilimpita kwenye Kiswahili kila muhula. Insha zangu zilisomwa mbele ya darasa huku yeye akichora simba pembezoni mwa daftari, na nilitoka pale nikiamini kwamba tumegawana dunia: yeye achukue magari na wageni, mimi nichukue maneno. Sikujua kwamba hata hayo maneno atakuja kunipokonya.

Ilitokea hivi. Walikuja wataalamu kutoka vyuo vya nje, watu wema, wenye kazi ambayo siku hizi inafanywa kila pembe ya dunia. Wanachukua chakula anachokula mtu, nguo anazovaa, mafuta anayochoma, maji anayomwaga na taka anazotupa, kisha wanakokotoa ni eneo kiasi gani la ardhi na bahari linalohitajika kumlisha mtu huyo na kufuta uchafu wake. Halafu wanalinganisha na kile ambacho dunia inaweza kukizalisha upya. Hesabu hiyo kwa Kiingereza wanaiita kwa jina la alama ya mguu. Walitaka kuipima kwa wakulima wa Karatu na kwa wafugaji wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, wakaniomba niyaweke maswali yao katika Kiswahili fasaha. Marehemu walimwajiri awe mkalimani wa Kimaasai. Kazi yangu niliifanya kwa fahari. Nilipima "athari," nikapima "alama," nikaonja "wayo," mwisho nikatulia kwenye "unyayo wa kimazingira," na nikaona nimeipa lugha yetu zawadi ambayo vizazi vitanishukuru.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Endulen, nje ya ofisi ya kijiji. Nilisimama, nikakohoa kidogo, nikatamka kwa sauti ya mtangazaji: "Ndugu zetu, wataalamu hawa wametoka mbali kuja kutafuta na kupima unyayo wa kila boma." Wanaume waliokuwa wameegemea fimbo zao wakasimama wima. Nilikuwa sijui, mimi mtoto wa wakulima wa mahindi na maharage, kwamba katika nchi ya wafugaji unyayo hutafutwa kwa sababu moja tu: ng'ombe wameibwa. Wenye mali hufuata nyayo kutoka kijiji hadi kijiji, na boma zinapoishia ndilo linalojibu. Ama lioneshe nyayo zilikotokea upande wa pili, ama lilipe. Kwa sentensi moja fasaha nilikuwa nimewaita wezi watu wa kata nzima.

"Ng'ombe gani imepotea?" aliuliza mzee mmoja wa mbele, kwa Kiswahili, ili nisikie mwenyewe bila mkalimani. "Sema rangi. Sema alama ya sikio. Hapa kwetu nyayo haijaishia."

Nikaeleza kwamba hakuna ng'ombe aliyepotea, bali ni dunia nzima inayopungua kwa sababu ya matumizi yetu sisi binadamu.

"Dunia ndiyo imeibwa?"

"Kwa namna fulani, mzee wangu."

"Basi fuata nyayo," akasema, akaelekeza fimbo kwenye njia tuliyojia, ambako magari yetu yalikuwa yamechimba mifereji miwili katika tope. "Ile pale inaonekana vizuri."

Watu wakacheka, na kicheko kile kinaniuma hadi leo ninapoandika. Mama mmoja hakucheka. Aliuliza kama wakishapimwa wataambiwa wahame, na swali lake, kwa jinsi wafugaji wa kule wanavyoishi na tishio la kuhamishwa, halikuwa la utani hata kidogo. Hapo marehemu akajinyanyua alipokuwa ameegemea boneti ya gari lake, akanijia, akanishika bega. "Mwandishi," alisema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Kiswahili chako kimevaa tai. Hebu kaa kidogo."

Nikakaa. Alianza kwa Kimaasai, kisha akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Alikumbusha kwamba jirani na kila boma huwa kuna kipande cha malisho kilichotengwa kwa uzio wa miiba wenye mlango, wanakiita olopololi, ambacho ni cha ndama, cha mifugo migonjwa na cha ng'ombe aliyezaa juzi. Ng'ombe wakubwa hawaingii mle, hata kiangazi kikiwa kikali vipi, hata nyasi zikiwa nzuri namna gani.

"Ng'ombe mkubwa akiingia kwenye nyasi za ndama, tunafanya nini?" aliuliza.

"Tunatoa," walijibu.

"Na mwenyewe?"

"Anapigwa faini!"

"Sasa sikilizeni. Hawa wageni wanasema kuna watu duniani wamemaliza malisho yao. Wamemaliza, wameingia kwenye nyasi za ndama, na bado hawajashiba. Wao wanataka kujua ni nani aliyeingia, na ameingia mpaka wapi. Kila mtu atahesabiwa. Wewe, mimi, na hao wenyewe na ndege yao iliyowaleta."

Yule mama aliyeuliza kuhusu kuhamishwa alikuwa wa kwanza kusema. "Na mlango," aliuliza, "alifungua nani?" Marehemu akatafsiri kwa Kiingereza. Mkutano uliendelea hadi jua lilipoanza kuinama, watu wakibishana na kujibu maswali yote, na hakuna hata mmoja aliyeuliza neno "unyayo" lina maana gani, kwa sababu lilikuwa limekwishazikwa.

Neno la mtu likizaliwa hivyo halihitaji mhariri. Lilitoka Endulen likapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro pamoja na madereva, likashuka Karatu, likaingia sokoni. Nililikuta kwa mama muuza mboga, akimsema jirani anayefunga maji ya mfereji kule juu hadi bustani za chini zinakauka: "Yule anakula nyasi za ndama." Nililisikia kanisani, mchungaji akikemea wanaolima hadi kwenye mdomo wa korongo mpaka udongo wote unakwenda na mvua ya kwanza. Nililisikia kwenye kikao kuhusu loji mpya, kijana mmoja akiuliza bwawa la kuogelea litajazwa kwa maji gani wakati kisima cha mtaa wake kinatoa matope. Vijana wamelifupisha, wanasema tu "umeingia kwa ndama," na wote wanaelewana. Jioni moja mke wangu alimwambia hivyo binti yetu aliyekuwa anamalizia sukari ya chai ya kesho asubuhi, nikaondoka mezani. Waliniuliza nina nini, nikasema kichwa kinauma.

Mimi katika kipindi hicho nilikuwa nimeandika makala zisizohesabika kuhusu uendelevu, mabadiliko ya tabianchi, mmomonyoko na misitu. Zilikuwa makala nzuri, naweza kuzitetea sentensi kwa sentensi. Sijawahi kumsikia muuza mboga akininukuu. Na hapa naomba msinielewe vibaya, wivu wangu haukuwa wa sifa peke yake. Mwandishi anaishi kwa tumaini moja la siri, kwamba kati ya maelfu ya maneno anayoyarusha hewani, moja litashika mzizi katika vinywa vya watu na kubaki hapo akishaondoka. Mengine yote, karatasi na jina juu ya safu, ni mapambo. Yeye alilipata hilo moja katika alasiri moja, akiwa ameegemea gari, kisha akarudi kesho yake kwenye simba na vifaru wake kana kwamba hajafanya lolote. Mimi nalitafuta mpaka leo.

Nilijaribu mara moja kumshinda. Wataalamu walikuwa wameacha programu yao kwenye tableti, ile ambayo ukijibu maswali inakuambia kama watu wote wangeishi kama wewe tungehitaji dunia ngapi. Marehemu aliipenda sana, aliwachezesha wageni wake wakati wa lanchi boksi kule kreta, na mara nyingi waliirudisha mikononi mwake haraka kuliko walivyoichukua. Siku moja tulikutana kwenye mgahawa hapa mjini tukaijaza sote wawili. Mimi natembea kwa miguu, nakula makande na mboga za majani, nyumba yangu ina taa chache, na ndege nimepanda kwa kuhesabika. Dunia moja ilinitosha na chenji ikabaki. Yeye, kwa ile Landkruza ya kila siku, nyama, na maji ya chupa katoni kwa katoni, alihitaji dunia kadhaa. Sikuweza kuificha furaha. Niliigeuza tableti ili hata mhudumu aone.

Yeye alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Kweli kabisa," alisema. "Mimi ndiye ng'ombe mkubwa, tena nimelala mle mle ndani." Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Lakini wewe, Mwandishi, usijipongeze. Wewe hujaacha kitu. Hujapata tu. Ng'ombe ambaye hajawahi kufika kwenye uzio, utasema ameheshimu nyasi za ndama? Siku ukipewa gari ndiyo tutakujua."

Niliondoka nimekasirika, na nilikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu maskini kuambiwa kwamba udogo wa matumizi yake hauna thamani ni dhihaka. Moshi wa gari ni moshi, na hauulizi dereva ana falsafa gani. Bado najibizana naye kichwani juu ya hilo. Ila nimeshindwa kuitupa hoja yake. Vipimo vyote vya dunia hii, vya mashirika, vya serikali na vya vyuo, vinahesabu kilicholiwa. Vinampanga Mkaratu asiye na kitu karibu na mtawa aliyejinyima kwa hiari, kisha vinatushangaa Wakaratu tunapopata kidogo na kukimbilia kununua kila alichonacho tajiri. Wahenga wetu nao hawakutusaidia waliposema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Methali hiyo tumeila vizuri sana. Tunautazama mlima wa Oldeani, msitu umerudi nyuma na vijito vilivyokuwa vinatuchelewesha shule sasa tunavivuka bila kuvua viatu, na kila mtu ana hesabu inayothibitisha kwamba mlaji alikuwa mwingine. Wa hapa anamwonesha mgeni kidole, mgeni anamwonesha mfugaji, mfugaji anaonesha matairi. Wote wana sehemu ya ukweli, na hakuna kipimo kinachomwuliza mtu ni kitu gani ulikifikia, ukakiweza, ukageuka ukarudi.

Alhamisi nikaenda Oldeani. Barabara ilikuwa kama ilivyo siku zote, na magari ya utalii yalipanga mstari mrefu kupita mashamba ya kahawa hadi sikuona mwisho wake. Nilikuwa nimeombwa kusema machache kwa niaba ya tuliosoma pamoja. Nilikuwa na hotuba mfukoni, nimeinoa kwa siku mbili, na katikati yake nilikuwa nimeweka usemi mpya kabisa wa kwangu ambao nilitegemea msiba ungeupokea na kuupeleka mbali. Ndiyo, kwenye mazishi yake nilikwenda kushindana naye. Mchungaji akanitangulia. Alihubiri nyasi za ndama mwanzo hadi mwisho. Mwenyekiti wa madereva akafuata na nyasi za ndama, kisha diwani, kisha mtoto wa marehemu mwenyewe, ambaye alilisema huku analia na watu wote wakaitikia. Zamu yangu ilipofika nikatoa pole, nikakaa. Usemi wangu ulirudi nyumbani ukiwa bado mfukoni.

Baada ya mazishi niliitwa kumsalimia mama wa marehemu. Alikuwa ameletwa kutoka Kakesio, kwao alikorudi kuishi, ni mzee sana, ameketi kwenye kiti cha plastiki na shuka mbili mabegani.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia na kumwita mama kwa Kimaasai kidogo nilichonacho, nikainamisha kichwa.

"Iko," alijibu, akanigusa utosini. "Wewe ni yule alisoma na mtoto yangu?"

Nikasema ni mimi. Kisha nikasema kile ambacho kila mtu alikuwa amekisema siku ile: kwamba mwanawe ametuachia neno kubwa, kwamba nchi nzima hii inalisema.

"Nimesikia," alisema. "Watu wengi wanasema. Kila mtu anasema nyasi ya ndama, nyasi ya ndama." Akavuta shuka zake mabegani. "Kwetu hakuna tena."

"Hakuna nini, yeyo?"

"Nyasi. Ile ya ndama. Kiangazi ilikuja, ikakaa, nyingine ikaja juu yake. Ng'ombe ilikuwa inaanguka mbele ya mlango. Mume wa dada yangu akasema tufungue. Mtoto yangu alikuwa amekuja na gari, akasema hapana, msifungue, itakuwa vibaya. Mimi nikasema fungua. Mimi mwenyewe." Alionesha kwa mkono, kama anayesukuma miiba pembeni. "Ikala siku kidogo tu. Halafu ng'ombe ikakufa, na ndama ikakufa. Alilia sana, huyu mwenye kofia. Baada ya hapo ndiyo alikuwa anasema hiyo maneno kwa kila mtu."

Nilikuwa sijui. Miaka yote ile nilikuwa nimeutamani usemi wake kama mtu anavyotamani shati la mwenzake, bila kuuliza aliulipia nini. Pale Endulen, alipoegemea gari na kuwauliza watu wafanye nini ng'ombe mkubwa akiingia, alikuwa anawauliza kuhusu boma la mama yake. Mlango uliofunguliwa alikuwa anamjua aliyeufungua, na alimsikia yule mama akiuliza, akatafsiri bila sauti kutetemeka. Nilimwonea wivu upya, na huu ulikuwa mkubwa kuliko wote uliotangulia, kwa sababu sasa nilielewa kwamba nisingeweza kuwa na neno lile hata ningepewa.

"Na wewe," aliuliza mama, "unafanya kazi gani?"

"Naandika, yeyo. Nina safu."

"Safu ya nini? Mahindi?"

"Hapana, yeyo. Ya gazetini. Safu ya maneno."

"Unajaza yote?"

"Yote. Kila wiki."

"Kila wiki!" alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona anatabasamu. "Mtoto yangu alisema wewe una maneno mengi. Basi acha kidogo. Na wengine wapate."

Sijui kama alinitania au alinishauri, na sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba tunaishi katika zama za kupima, na ni vizuri tupimwe, sote, wenye magari na wenye miguu. Ila msomaji wangu, ukimaliza kujumlisha ulichokula, tafuta pia kile ambacho mkono wako ulikifikia, tumbo likakitaka, na ukakiacha kwa ajili ya atakayekuja nyuma yako. Kama hakipo, hesabu yako haijakamilika, hata ikiwa ndogo kama yangu. Mimi nimekitafuta changu wiki nzima nisikione, na marehemu bado namwonea wivu. Nilikuwa na maneno mengine, mazuri sana, ya kumalizia hapa. Nimeyaacha.